Nyoka Mweupe na Jogoo ya Mahari

Hapa Laini Saba watu hukaa kwa benchi mbele ya jiko yangu ya kahawa, mimi nyanya wanaita shosh. Leo katikati yao kuna sanduku ya glasi, na ndani ni nyoka wawili wa kufugwa, rangi ya machungwa, wale huitwa nyoka wa mahindi. Hawana sumu. Ile ndogo ni ya Ouma wa hapa kwetu, ile kubwa ni ya Shivachi wa Kawangware. Tulipowaoza, Shivachi alileta jogoo ya mahari, kwa sababu nyoka yake ndio bwana, na hiyo jogoo tukakula, nyoka wakabaki hapa kwangu. Sasa mayai imeanguliwa. Watoto wote ni machungwa, isipokuwa mmoja, mweupe pe. Shivachi amekuja kuvunja ndoa.

— Ouma, msichana yako ni malaya. Rudisha jogoo.

— Nirudishe aje? Si paja ulikula wewe?

— Nilikula kama mgeni!

Boaz wa viatu, yule tunaita Redio, akaweka kikombe chini.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hii ni mambo ya unga. Mama akila mahindi ya njano, anazaa machungwa. Akila ile nyeupe ya grade one, anazaa hivi.

— Wacha uongo, nikamwambia. Mwaka wa themanini na nne, ile njaa, nilikula ya njano miezi yote, na mtoto wangu Bridgit alitoka mweusi kama hii sufuria.

— Basi ni stima, shosh. Siku transfoma ililipuka, si hata mimi nilipauka?

— Ni damu, Ouma akasema. Hiyo weupe wazazi wote wawili wamebeba, imejificha. Ikitoka kwa baba na kwa mama pia, ndio inaonekana kwa mtoto.

— Dume yangu haijaficha kitu! Kwetu hakuna mtu mweupe. Jogoo yangu, Ouma, ama nikuite kwa wazee.

Ouma akapapasa mfuko. Jogoo angetoa wapi?

Annet, mpangaji mpya, alikuwa anangoja nimjazie thermos.

— Kwani nani aliona hii ndogo ikitaga?

Akamgeukia Boaz.

— Redio?

— Mimi niliskia tu.

Hapo nikakumbuka. Ile ilivimba tumbo ikakataa panya, halafu asubuhi ya mayai ikawa imekonda kama mshipi, ilikuwa ile kubwa, ya Shivachi. Nikasema hivyo.

Ouma akasonga kwa benchi, meno yote nje.

— Baba mkwe, karibu ukae.

Shivachi akakaa. Akaruka tena.

— Kumbe unaishi na msichana yangu bila mahari? Leta jogoo! Mpaka ulete, watoto ni wa kwetu.

— Hata huyu mweupe?

Shivachi akamtoa polepole, akampangusa na kona ya shati.

— Huyu kwanza. Si unaona macho? Ni nyanya yangu kabisa.