Aliyeshuka Kituo cha Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ya leo tunamkumbuka mshona nguo mmoja. Kama umeketi, nakuomba usimame kidogo kwa heshima yake. Kama uko ndani ya treni ya saa kumi na mbili na robo, usihangaike. Najua umesimama tangu ulipopanda.

Mshona nguo huyu aliitwa Mama Pindo. Abiria wenzake ndio waliompa jina hilo, wakamwita hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Mume wake, fundi saa, anakiri kwamba mwishowe naye alisalimu amri. "Nikimwita jina lake halisi," anasema, "alikuwa anageuka kutazama ni nani anayeitwa."

Mama Pindo alifariki Jumatano iliyopita, mchana, kitandani kwake, akiwa na miaka sitini na sita. Miwani ilikuwa puani. Narudia, wasikilizaji wapendwa: miwani ilikuwa puani. Binti yake anasema mama aliitafuta miwani hiyo hiyo tangu asubuhi, na nyumba nzima ilisumbuliwa.

Nyumba yake ilikuwa karibu na kituo cha kwanza. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa nyuma ya kituo kikuu, ambacho ndicho kituo cha mwisho. Kati ya nyumba na kibanda kulikuwa na dakika hamsini za reli. Wengine dakika hamsini hizo huzilalia, mdomo wazi. Mama Pindo alizifanyia kazi. Behewa la tatu, kiti cha dirishani, mkono wa kushoto. Akishaketi, alifungua kopo la biskuti ambalo halikuwahi kuonekana na biskuti, akatoa sindano, kisha akauliza behewa zima, "Haya, nani kafumukiwa?"

Na kila siku kulikuwa na mtu kafumukiwa.

Siku moja mwalimu wa hesabu aliingia kinyumenyume, mgongo ukutani, kama kaa. Suruali ilikuwa imechanika mahali ambapo suruali hupenda kuchanika. Hakukuwa na pa kuivulia. Ikabidi mwalimu asimame akitazama dirishani huku akishonewa, na ili watu wasiulize maswali, akawa anawatangazia vituo kwa sauti nzito, kana kwamba ameajiriwa kwa kazi hiyo.

"Tulia, mwalimu, nisije nikakuchoma."

"Mimi nimetulia, mama. Treni ndiyo haijatulia."

Hakupokea malipo. Alipokea habari. Ukishonewa kifungo kimoja, ulitoa habari moja. Pindo zima lilitaka habari nzito. Ndiyo maana alijua nani kachumbia, nani kahamishwa kazi, na nani amegombana na mama mkwe kwa ajili ya sufuria.

Siku zile tiketi ilikuwa ya karatasi ngumu. Mkaguzi wa tiketi, ambaye abiria walimwita Koleo, aliitoboa kwa koleo lake, kacha! Mama Pindo alikuwa akisema anaweza kutunga uzi akiwa amefumba macho, kwa kufuata mlio huo tu. Na nauli? Nauli ulilipa kama unavyonunua kiberiti. Hukwenda kujadiliana kwanza na mwenzio nyumbani.

Kisha nauli ikapanda. Ikapanda tena. Ndani ya mwaka mmoja ilipanda mara tatu.

Ilipopanda mara ya kwanza, watu walinung'unika mpaka wakachoka. Ilipopanda mara ya pili, kinyozi aliacha chai ya asubuhi, na muuguzi wa zahanati akaanza kulala kwa mwenzake mjini siku tatu za wiki ili asilipe nauli kila siku. Wanawe walibaki na bibi yao. Asubuhi moja alimpa Mama Pindo sare ya mwanawe mdogo amshushie pindo. Mama Pindo akauliza amerefuka kiasi gani. Muuguzi akafikiri, akajibu, "Sijui, mama. Sijamwona amesimama tangu Jumapili." Siku hiyo Mama Pindo hakudai habari yoyote.

Ya tatu ndiyo iliyovunja watu miguu. Sikilizeni vizuri. Kipande cha mwisho, kutoka kituo cha Tangi hadi kituo kikuu, ni dakika sita tu. Kipande hicho kikatozwa karibu sawa na safari nzima ya kabla yake. Dakika sita! Basi abiria wakafanya ambalo ungelifanya wewe. Wakaanza kushuka Tangi na kumalizia kwa miguu, mwendo wa dakika thelathini na tano. Treni ilijaa pomoni mpaka Tangi, na kutoka Tangi ikaenda na hewa. Mama Pindo naye alishuka na wenzake. Alitembea na mkoba wake begani na magoti yake ya miaka sitini na tatu, akijidai kwamba daktari amemwambia atembee. Daktari hakuwahi kumwambia hivyo.

Miezi mitatu ikapita. Likabandikwa tangazo: Jumanne ijayo, abiria watahesabiwa wanaposhuka kituo kikuu. Treni itakayokutwa haina watu itaondolewa.

Hapo mzaha ukaisha. Treni inayofuata hufika saa tatu. Mwalimu huanza kipindi saa mbili. Muuguzi hupokea zamu saa mbili. Nauli ya basi hawakuthubutu hata kuitaja. Treni hii ikiondolewa, watu wamekosa kazi.

Mama Pindo alifunga kopo lake, akapita mabehewa yote matano. "Jumanne moja tu, jamani," aliwaomba. "Mkate tiketi mpaka mwisho. Mjibane popote mtakapojibana, lakini Jumanne hatushuki Tangi."

Wakaitikia. Kinyozi, aliyekwisha acha chai, akaacha na andazi. Jumanne ikafika, na kila mtu alikuwa na tiketi ya kituo cha mwisho mfukoni.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nawaomba mnisikilize kwa utulivu. Treni ilifika Tangi, na abiria wote wakasimama, wakachukua mizigo yao, wakashuka.

Narudia. Wakashuka!

Miguu ya miezi mitatu haikuuliza kitu. Ilisikia breki, ikaenda. Mama Pindo alikuwa ameinama akitunga uzi. "Uzi uliponikubali," alimsimulia mumewe baadaye, "nikainua kichwa ili niseme jambo. Hakuna mtu! Nikadhani nimekufa."

Huko barabarani wengine walikuwa wanatembea zao, wakipiga soga, mpaka kwenye duka la rangi. Hapo kinyozi akatia mkono mfukoni, akagusa tiketi.

"Jamani, tumeshuka."

"Ndiyo, tumeshuka," mwalimu akajibu. "Kwani leo umeamkaje?"

"Tumeshuka, mwalimu! Leo ni Jumanne!"

Muuguzi akavua viatu. Wakaanza kukimbia.

Kituo kikuu, karani wa kuhesabu alikuwa amesimama na ubao wake, koti la kijivu, penseli sikioni. Behewa la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu akashuka Mama Pindo na kopo. La nne na la tano, hakuna. Karani akaandika: mmoja.

Hapo ndipo Mama Pindo alipoona kifungo.

"Mwanangu, hiki kifungo chako kinaning'inia."

"Mama, niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Utafikaje mbele ya wakubwa zako hivyo? Watasema huna mama. Vua."

Akavua. Nani angekataa? Mama Pindo akaketi kwenye benchi, akashona kifungo kile. Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akakikata cha pili, ambacho hakikuwa na tatizo lolote duniani. Akakata cha tatu. Cha nne. Cha tano. Funguo za karani zilikuwa kwenye koti, na kitambulisho chake pia, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda. Koleo alikuwa kando, anaona yote. Akakohoa, akaanza kulipangusa koleo lake kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana.

"Mama, tutamaliza leo?"

"Kazi nzuri haiparamiwi, mwanangu. Hebu niambie, umeoa?"

Dakika ya ishirini, cha tano kikiwa bado mkononi, walitokea langoni. Watu mia moja themanini na wanne, wanahema, wamelowa jasho, muuguzi ana viatu mkononi, mwalimu ameinua tiketi juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Hawa wametoka wapi?" karani akauliza.

"Kwenye treni."

"Treni ipi?"

"Hii hii."

"Mama, hii imefika zamani!"

"Ndiyo. Wao walitangulia kushuka."

Karani alizitazama tiketi. Zote za leo, zote za mpaka kituo kikuu. Alitazama nyuso. Kisha akavaa koti lake, lenye vifungo vitano vilivyoshonwa kwa uzi mwekundu, akafuta ule "mmoja", akaandika: waliolipia hadi hapa, mia moja themanini na watano.

Treni haikuondolewa. Siwadanganyi, nauli haikushuka hata kidogo. Kesho yake watu walirudi kushuka Tangi na kutembea.

Isipokuwa mmoja. Tangu siku ile mpaka safari yake ya mwisho, Mama Pindo alikwenda hadi kituo kikuu kila asubuhi, peke yake, treni nzima. Fundi saa anasema alimwuliza, "Kwa nini usishuke na wenzako? Unaunguza hela kwa dakika sita." Akamjibu, "Ikija tena siku ya kuhesabu bila kutangazwa, lazima awepo wa kuhesabiwa."

Kwako fundi saa, kwa binti, na kwa wajukuu mliofundishwa kutunga uzi kabla ya kufundishwa kusoma: poleni sana. Mlituazima mama yenu kwa dakika hamsini kila asubuhi, nasi hatukuwahi kuwashukuru. Na wewe msikilizaji unayepanga nauli ukiwa ofisini, umeketi, nakuomba ufikirie kidogo kuhusu yule mama asiyejua mwanawe amerefuka kiasi gani.

Jumatatu abiria wa behewa la tatu walipanga zamu. Kila siku mmoja wao atakata tiketi mpaka mwisho, na wengine watamchangia. Jana alikuwa muuguzi. Saa yangu hapa studio inaonyesha saa moja kamili. Treni imekwisha toka Tangi, na watu wako barabarani, wanatembea. Lakini kwenye kiti cha dirishani, mkono wa kushoto, ameketi kinyozi, kopo la biskuti mapajani, hajui hata kutunga uzi, anasubiri kuhesabiwa.