Analala kwa Nani? Miaka Thelathini na Moja ya Mama Theopista Kimario

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Theopista Sirili Kimario, Mkuu wa Kumbukumbu wa Ushirika wa Maziwa Migombani, anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na moja na mwezi mmoja. Aliajiriwa tarehe 1 Juni 1994 kuwa mpokeaji wa maziwa katika kituo chetu cha Kibosho, akiwa na kipimo cha lita, daftari la mistari na penseli iliyochongwa kwa kisu. Anaacha mfumo wa taarifa unaohudumia vituo kumi na kimoja, kuanzia Uru hadi Masama. Penseli bado anayo, kaichomeka kwenye kilemba kama kawaida.

Tangu mwaka jana, ilipojulikana kwamba muda wake umefika, ofisi nzima imekuwa na hofu moja: akiondoka huyu mama, nani atajua ng'ombe gani analala wapi? Mgeni ataona swali hili ni dogo, hata la kuchekesha. Avumilie kidogo.

Kwetu huku mtu anaweza kuwa na ng'ombe watano na nyumbani kwake usione hata kwato moja. Yeye yuko mjini Moshi au Dar es Salaam, ng'ombe wamewekwa kwa ndugu, kwa jirani, kwa mkwe. Anayetunza anakunywa maziwa, anauza yanayobaki na kupata samadi ya migomba. Mwenye mali anasubiri ndama. Na kwa heshima, ukimuuliza mtunzaji huyu ni ng'ombe wa nani, atakutajia mwenyewe, hata kama mwenyewe hajakanyaga kihambani, shamba la migomba la ukoo, tangu Krismasi. Mama Theopista aliliona hilo katika mwaka wake wa kwanza kazini. Mwaka 1995 alichora kadi ya mwanachama kwa rula na kuongeza mstari wa tatu ambao hakuna aliyemtuma kuuweka: Analala kwa nani?

Mwaka 2016 akaajiriwa mtaalamu wa kompyuta, kijana mwenye shahada mpya na maneno mengi. Alikuja kubuni kanzidata ya kisasa. Alipofika kwenye mstari wa tatu wa kadi, aliufuta, akieleza kwamba jina la mfugaji limeshaandikwa juu, ya nini kurudia? Akapendekeza pia kabati la kadi lichomwe ili printa ipate pa kukaa. Mama Theopista alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Sawa, baba. Tuziache kwanza zipumzike." Kisha akaendelea kuzijaza kimyakimya, kila wiki, kwa penseli. Kijana huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu, na aibu hiyo ameshaizoea.

Machi 2017, siku ya Jumatano, kiwanda kinachonunua maziwa yetu kilikuta mabaki ya dawa katika tenki la Kibosho. Tulipewa hadi Ijumaa saa sita mchana kutaja chanzo, la sivyo kituo kizima kingefungiwa. Hizo ni familia mia mbili na kumi na nne ambazo maziwa yao yangemwagwa. Sampuli zilipopimwa moja moja, chupa yenye kasoro ikapatikana, na kompyuta ikatoa jina kwa kujiamini kabisa: Filemon Mallya. Tukampigia simu. Mzee Filemon, mwalimu mstaafu anayeishi mjini, alijibu, "Shauri yenu. Mimi huku nafuga panya tu, na hata hao sijawahi kuwakamua."

Ng'ombe wake saba walikuwa wametawanywa katika nyumba nne za Kibosho, na maziwa ya nyumba zote nne yalikuwa yakiingia kwa jina lake moja. Kanzidata haikukosea hesabu wala herufi. Ilijibu vizuri sana swali ambalo halikuwa na faida kwa mtu yeyote, na aliyeiuliza swali hilo alikuwa amekaa pale pale mbele yake, anatokwa jasho.

Mama Theopista akaenda kabatini. Akatoa kadi nne, moja kwa kila nyumba, akazipanga mezani, akavaa miwani. Katika kadi ya tatu, ya ng'ombe anayelala kwa Yuditha, mmoja wa watunzaji wa Mzee Filemon, palikuwa na maneno ya penseli: Jumatatu, daktari wa mifugo, sindano ya ugonjwa wa kiwele. Kumbe Yuditha alikuwa hospitalini akimuuguza mama yake, na jirani, kwa wema wake, alimkamulia ng'ombe na kupeleka maziwa bila kujua habari ya sindano. Kazi yote ilichukua dakika kumi na moja. Mwandishi alitazama saa, kisha akatazama kabati alilotaka kulichoma. Hajawahi kustaajabu hivyo, si chuoni wala popote.

Kituo kiliokoka, na kila mtu alikuwa tayari kusherehekea isipokuwa Mama Theopista. Alikasirika. Alisema taarifa ilikuwapo, lakini ilikuwa kabatini, ofisini kwetu mjini, wakati ndoo iko kituoni Kibosho, na taarifa ya namna hiyo ni sawa na haipo. Ndani ya miezi miwili mstari wa tatu ulirudi kwenye kanzidata. Siku hizi daktari akichoma sindano anatuma ujumbe wa simu, na kishikwambi cha mpokeaji kinaonyesha alama nyekundu. Ng'ombe mwenyewe anafungwa kitambaa chekundu shingoni mpaka siku za dawa ziishe. Kitambaa hicho kiliwachekesha wageni wengi wenye shahada. Mama Theopista aliwaeleza kwamba jirani mwema hana kishikwambi, ila macho anayo.

Amewafundisha wafanyakazi wapya wote mambo ya msingi ya mfumo wa taarifa bila kuwasha kompyuta. Anawapeleka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji kutoka mlimani, na kuwauliza maji yanatoka wapi, nani anafungua, nani anasafisha, zamu ni ya nani, na mwenye mgomba wa mwisho akikosa maji analalamika wapi. Wakishajibu yote, ndipo anawaambia kwamba kompyuta ni mfereji tu. Watu, utaratibu na taarifa zenyewe ndizo kazi. Kwa akili hiyo hiyo tulianza kujua wiki sita kabla ng'ombe wangapi watazaa, tukaweza kuahidi kiwanda lita tunazoweza kuzitimiza, na gari letu likaacha kupanda barabara mbovu za Kibosho siku ambazo kituo hakina maziwa ya kutosha.

Lakini hofu yetu ilikuwa na msingi. Oktoba mwaka jana meneja wetu, Bi. Stella, aliokota namba kumi za ng'ombe kutoka kwenye bakuli na kututaka tutaje wanapolala bila kumuuliza Mama Theopista. Tulipata sita. Wanne waliobaki walikuwa kichwani mwake, wamehamishwa baada ya msiba, harusi au ugomvi wa shemeji, na yeye alijua kwa sababu watu humwambia mambo yao wakitoka kanisani. Alipoona matokeo hakufurahi hata kidogo kwamba tunamhitaji. Alivaa buti, akapita kihamba kwa kihamba miezi minne, huku mwandishi akimfuata nyuma anahema. Aliuliza, akaandika, na akamchagua mtu mmoja kila kitongoji wa kutoa habari ng'ombe akihama. Februari alichukua likizo, akaenda kwa dada yake Masama na kuzima simu. Bakuli likatolewa tena. Kumi kwa kumi. Bi. Stella alilia, na sisi wengine tulijifanya tunatafuta kalamu.

Wafanyakazi wetu hawaruhusiwi kuwa wanachama, hivyo kwa miaka thelathini na moja mama huyu amejaza kadi za ng'ombe wa watu bila hata moja kuwa yake. Hapa mwandishi anaomba radhi kwa kutoboa siri kwenye kijitabu hiki cha sherehe ya kumuaga. Familia mia mbili na kumi na nne za Kibosho zimemnunulia mtamba mwenye mimba ya miezi mitano. Kadi yake imejazwa kwa mkono, na mtu aliyewahi kutaka kadi zichomwe, kwa penseli aliyoinunua kwa kazi hiyo. Atahamia kwa mwenyewe tarehe 1 Julai. Mpaka siku hiyo amefichwa mahali, na kwa mara ya kwanza yuko ng'ombe Kibosho ambaye Mama Theopista hajui analala kwa nani.

Mama, asante kwa kila mstari, hasa ule wa tatu. Pumzika vizuri, unywe maziwa ya kwako, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya. Namba ya mtamba ni 2907. Usimuulize mtu yeyote. Tuma namba hiyo kwenye mfumo wako, utakujibu.

Godwin Temba
Kitengo cha Kompyuta, kwa niaba ya wafanyakazi wote