Suti ya Mbizi ya Mke Wangu

Nilikwama. Miguu imeingia kwa taabu, mikono imeishia kwenye viwiko, tumbo limebanwa kama godoro lililotiwa kwenye gunia, nami nimesimama mbele ya benchi letu, kati ya kibanda cha kinyozi na duka la cherehani, nikiwa ndani ya suti ya mbizi ya mke wangu. Tena nimeivaa nyuma mbele. Zipu inayotakiwa kukaa mgongoni ilikuwa kifuani, na kamba yake ndefu inanitekenya kidevu. Nilitaka tu kupima ukubwa. Nilijidanganya kwamba mimi na mama watoto tunalingana.

Wiki ijayo tulikuwa tunakwenda likizo kwenye bahari ya joto, kuzama na mitungi ya hewa mgongoni. Yeye alishafuzu mafunzo ya bwawani. Mimi, niliyepika melini miaka mingi hata kijiweni naitwa Baharia, nilitoroka somo la pili, pale mwalimu aliponiambia niache maji yaingie kwenye miwani kisha niyatoe kwa kupuliza pua. Nilimpanda yule mwalimu kama ngazi. Mke wangu sikumwambia, kijiwe ndiyo kabisa. Nikapanga zawadi itangulie, habari mbaya ifuate. Duka likanipa suti mbili, nene na nyembamba, nirudishe moja kabla hawajafunga. Ile nene ndiyo iliyonikamata.

— Usivute, utaichana! — alisema Hakimu, fundi cherehani, ambaye hukumu zake hazina rufaa. — Lete mkasi.

— Nikivuta nachana, mkasi hauchani?

— Mkasi unachana kwa mpango.

Fundi Friji, anayetengeneza majokofu, aliweka kikombe chake cha kahawa chini na kulibonyeza bega langu kama anayechagua embe.

— Hii hii nene ndiyo yenyewe. Shemeji asije akaganda. Mimi baridi naijua, siku zote hukaa chini. Bahari ni friza isiyo na mlango.

— Lakini huko ni bahari ya joto, Friji.

— Joto ni la juu. Lile la kupigia picha.

— Unene si hoja, — alisema Hakimu. — Hoja ni nafasi. Vidole viwili kiunoni, viwili kwapani, hewa ipite.

— Hewa gani chini ya maji?

— Ya kwenye mtungi. Ulidhani ikitoka inakwenda wapi?

— Muuzaji kasema lazima ibane, — nilijitetea. — Maji kidogo yanaingia, mwili unayapasha moto, halafu hayatoki.

— Atasemaje vingine? — alisema Hakimu. — Ikibana anaokoa kitambaa.

Hapo akatoka Redio, kinyozi wetu, wembe mkononi. Ndani amemwacha mteja mwenye ndevu upande mmoja.

— Nyie mnabishana unene, rangi je? Papa anatafuta nini? Kitu cheusi kinachohema. Na hii nyeusi tii! Shemeji avae mistari kama pundamilia. Papa hajawahi kuona pundamilia. Atasimama kwanza afikirie.

— Akimaliza kufikiria?

— Shemeji keshafika hotelini, anakunywa juisi.

— Basi na shingoni mimi nimfungie mpira wa mlango wa friji, — alisema Fundi Friji, macho yanang'aa. — Hauingizi hata tone. Una sumaku ndani, unajibana wenyewe.

— Sumaku baharini? Si itavuta meli?

— Ivute! Arudi na meli, tuuze vyuma.

Mteja wa Redio akaita kutoka ndani kwamba shavu lake linakauka. Hakuna aliyemjibu. Wote wakanigeukia mimi.

— Baharia, bahari ni yako. Toa neno.

— Inategemea mkondo, — nikasema.

Jibu hilo nimelitumia tangu niliposhuka melini, kwa maswali ya samaki, ya hali ya hewa, na mara moja ya talaka. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Vichwa vyao vilikuwa bado vinatikisika mke wangu alipotokea kufuata gauni lake kwa Hakimu. Akanizunguka taratibu, kama mtu anayekagua gari lililotumika.

— Hiyo ya nani?

— Yako, mke wangu. Zawadi.

Akaifinya kwenye mkono.

— Nene mno. Hii ya maji ya baridi. Kule maji yana joto la kuogea, na nene inaelea, ningebeba vipande vizito vya risasi kiunoni kama gunia ndiyo nizame. Nyembamba hawana?

Nikamwonyesha kwa kidevu mfuko wa duka kwenye benchi; akaitoa ile nyembamba, akaipima begani, akavuta kiuno, akatabasamu. Mabishano ya alasiri nzima yakaisha hivyo.

— Nzuri. Ahsante. Na yako iko wapi?

Hakimu akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Fundi Friji akanywa kwenye kikombe kitupu.

— Yake… inategemea mkondo, shemeji, — alisema Redio.

— Nimemuuliza mume wangu.

Kamba ya zipu ilinitekenya, sikuweza hata kuisogeza.

— Sina yangu. Mimi sizami. Niliacha somo la pili.

— Najua.

— Mwalimu kakwambia?

— Taulo lako. La wenzako linarudi na harufu ya dawa ya bwawa, lako linarudi na harufu ya sabuni ya kinyozi.

— Kumbe! — alipiga kelele Redio. — Ndiyo maana kila Jumanne unaniomba ndoo ya maji!

— Kila Jumanne nakumiminia chai, — aliendelea mke wangu, na sauti yake haikuwa ya utani tena, — nakuuliza somo lilikuwaje, nawe unanisimulia ulivyokaa chini ya maji umetulia. Unajua mwenzi wa kuzama ni mtu gani? Hewa yangu ikiisha, ni yake ninayopumua. Nilikuwa nakuhesabu wewe.

Watu wote wa benchi wakatazama viatu vyao.

— Mwalimu keshanipangia mwenzi mwingine, — alisema.

— Na mimi nitakuwa nani huko?

— Utakaa kwenye boti. Nitakapotoka majini nitakuwa na mengi ya kusema, na nataka uyasikie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kifua kikanilegea, kwa kiasi suti ilichoruhusu.

— Kwa hiyo hujakasirika?

— Nimekasirika sana. Chukua kofia yako, tupite dukani kabla hawajafunga.

— Basi ngoja hawa wanivue kwanza.

— Utaivulia dukani.