Masila Nzomo, Fundi wa Mabati, na Beseni la Bluu

Wapendwa mliopanda vilima kwa miguu, na ninyi mliofika kwa magari kutoka Mlolongo na Machakos mjini, ndugu yangu hakupenda maneno mengi, lakini mkubwa amelala, na mimi Mumo, mdogo wake, ndiye niliyeachiwa karatasi, basi leo atanivumilia, nanyi mnivumilie, maana historia ya mtu aliyeishi juu ya mapaa ya watu haisomeki kwa haraka.

Masila Nzomo alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Aprili 1966, hapa hapa Kivaani, Kangundo, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Nzomo na marehemu Mueni, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, nyumba ilikuwa ya nyasi, tone la kwanza lililopenya likamwangukia mtoto kwenye paji la uso, naye hakulia, alifumbua macho akatazama juu, akatazama kwa muda mrefu, kana kwamba anatafuta lilikotoka. Sisi tuliozaliwa baadaye tulidhani mama anatia chumvi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1973 katika shule ya msingi iliyo hapa karibu, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1979, na mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana akili ila macho yake hayakai ubaoni. Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha ufundi cha kijiji, akajifunza useremala kwa miaka miwili, na Januari 1984 akachukuliwa na Mzee Mwanzia, fundi aliyekuwa akiezeka nyumba za wafanyakazi wa ranchi kule Lukenya. Mwaka huo ulikuwa wa kiangazi kikali, nyasi ziliisha, ng'ombe walilala chini wasiinuke, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa paa kuvuja, lakini ndipo Mzee Mwanzia alipomfundisha jambo lililomlisha maisha yake yote, kwamba ubovu wa paa hautafutwi siku ya mvua, hutafutwa siku ya jua, kutoka ndani, mtu akiwa amelala chali.

Wengi wenu mmemwona. Alifika saa sita mchana, akaomba milango na madirisha yafungwe, akatandika gunia sakafuni, akalala, akanyamaza, na polepole bati lililoonekana zima likaanza kutoa nyota, moja hapa, mbili kule, mpaka chumba kikawa na anga yake, naye akazisoma zote bila kunyanyuka, kwamba ile ni ya msumari uliochakaa mpira, zile zilizorundikana ni kutu, ule mstari mwembamba ni mabati yaliyopandanishwa kidogo mno, na ule mwanga wa pembeni ni kofia ya paa iliyoinuliwa na upepo. Kisha alifuata kwa macho madoa meusi kwenye mbao, kwa sababu maji yakishaingia hutembea, hushuka na ubao hatua tatu, nne, ndipo yadondoke, na kila mwenye nyumba aliambiwa maneno yale yale, kwamba tone halikuonyeshi mlango lilioingilia. Wakati mwingine alilala pale hadi akasinzia kweli, watu wa nyumba wakatembea kwa ncha za vidole wasimwamshe, na alipoamka alijua pa kupigilia. Wakati mwingine aliamka akasema hakuna ubovu wowote, ni gata tu, ule mfereji wa maji ya paa, imejaa majani ya mparachichi.

Mwaka 1987 alirudi Kangundo akaanza kazi yake mwenyewe, na kuanzia hapo mpaka mwaka jana ameezeka au kukarabati shule, makanisa mawili, ghala la kahawa, nyumba ya Abdilatif mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni, pamoja na nyumba nyingi za kupangisha kule Mlolongo. Jambo moja lilimshinda, nalo siwezi kulipita, maana yeye mwenyewe aliniagiza nilisome, kwa hiyo nitakwenda nalo taratibu.

Mnamo Septemba 1991 aliitwa Kakuyuni kuezeka nyumba mpya ya vyumba vitatu, na siku ya tatu, akiwa juu na misumari mdomoni, alimwona binti wa mwenye nyumba akipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, hatua zake za polepole. Binti huyo alikuwa Kamanthe. Walifunga ndoa kanisani siku ya Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1992, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mueni aliyezaliwa mwaka 1993, akapewa jina la mama yetu, Tracy aliyezaliwa mwaka 1996, na Nzomo aliyezaliwa mwaka 2001. Tracy jina lake hasa ni Mwelu, la bibi yake mzaa mama, lakini baba yake hakulitamka hata siku moja, na wazee mlioko hapa mnajua kwa nini. Ni kwa ajili ya nthoni, ile heshima yetu Wakamba inayomtenga mwanamume na mama mkwe wake, kwamba asimtaje jina, asikutane naye uso kwa uso njiani, na zaidi ya yote, asikanyage chumba anacholala. Leo nimelitaja kwa ruhusa ya bibi mwenyewe, na sitalirudia.

Baba mkwe alifariki mwaka 1996, na mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, zilipokuja zile mvua za El Niño zilizobomoa barabara, paa la nyumba ile ya Kakuyuni likaanza kuvuja, na likavuja mahali pamoja tu, juu ya kitanda cha mama mkwe. Aliweka beseni la bluu. Masila alipanda siku mvua ilipokatika, Kamanthe akiwa chumbani anagonga bati kwa mti pale tone lilipodondokea, naye akapaka lami juu ya mlio, na mvua iliyofuata tone likaja vilevile. Akarudi mwaka 1998, akarudi 2002, akabadilisha mabati mawili mazima mwaka 2006, na kila mara alirekebisha juu ya kitanda, kwa sababu huko ndiko alikogongewa, ilhali yeye ndiye aliyewafundisha watu wa Kangundo yote kwamba tone halionyeshi mlango. Alihitaji kulala chali sakafuni mle ndani saa sita mchana, basi, na hapo ndipo mguu wake haukuruhusiwa. Mganga hajigangi, watu walisema sokoni, na yeye alicheka nao, lakini mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni najua kicheko chake cha kweli, na hicho hakikuwa chenyewe. Ilimuuma sana.

Mtauliza kwa nini hakuitwa fundi mwingine. Mama mkwe alikataa, akasema yeye ana fundi wake na hawezi kumwaibisha mbele ya watu, na Masila naye, tuseme ukweli, alikuwa na kiburi, hakutaka mkono wa mtu mwingine uguse paa lile. Wazee wakataja njia za kuiondoa nthoni kwa mbuzi na blanketi, mama mkwe akajibu kwamba yeye heshima yake haiuzwi, heri alowe. Basi wawili hao wakaheshimiana miaka ishirini na saba, mmoja juu ya bati, mwingine chini yake, bila kutazamana, na katikati yao beseni likilia, to, to, to.

Mnamo Septemba 2024 miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, akapelekwa hospitalini Machakos, na madaktari wakasema ni moyo, wakamkataza kupanda ngazi. Alirudi nyumbani akakaa uani, akitazama mapaa ya majirani upande wa pili wa bonde, na kitu kimoja tu alichokuwa akirudia, kwa Kamanthe, kwangu, kwa Nzuki aliyefanya naye kazi miaka kumi na mitano, ni kwamba hangependa kufa huku tone lile linadondoka. Maneno hayo yalifika Kakuyuni.

Ndipo mama mkwe, akiwa na miaka themanini na sita, akafanya jambo ambalo mimi bado naliota. Siku ya Jumatano, tarehe 19 Machi 2025, aliwaita majirani wakatoa kitanda chake wakakipeleka sebuleni, wakatoa sanduku lake la nguo, picha za ukutani, hata msumari wa kutundikia kanga ukang'olewa, akafagia mwenyewe, akamimina humo magunia mawili ya mahindi, akaweka na majembe. Halafu akamwambia Tracy, mjukuu wake, "Mwambie huyo fundi hapa si kwa kulala tena, hapa ni stoo. Kwani mkwe anakatazwa stoo?" Naye akaenda kukaa kwa jirani, ng'ambo ya shamba, mgongo ukielekea nyumba.

Kesho yake, Alhamisi, saa sita kasoro, tulimfikisha Masila, Nzuki na mimi tukimshika huku na huku. Alisimama kizingitini, akavua viatu ingawa ilikuwa stoo, akalala kando ya mahindi, tukafunga mlango. Kukawa giza na harufu ya nafaka. Mwezi huo jua hupita juu ya kichwa kabisa, na ilipogonga saa sita na nusu, ikatokea nyota moja, ndogo kuliko punje ya mtama, nayo haikuwa juu ya mahali pa kitanda, ilikuwa juu ya mlango, hatua nne kutoka hapo, na mwanga wake ukashuka mpaka kifuani pake ukakaa. Aliutazama ukihama kutoka kifungo kimoja cha shati hadi kingine, machozi yakimtiririka hadi masikioni, kisha akasema, "Nzuki, hiyo ni yangu. Huo msumari haukushika mbao." Akatueleza kwamba ulikuwa wa siku ya tatu, saa ile mtungi ulipopita, alipiga nyundo huku akitazama kwingine, na msumari uliokosa mbao ulining'inia miaka sita hadi upepo wa 1997 ulipoudondosha. Nzuki alipapasa juu ya ukuta akaukuta, umeliwa na kutu. Kisha akapanda, na Masila akamwelekeza kwa sauti kutoka chini, kushoto kidogo, shuka, hapo, mpaka nyota ikazimika. Kamanthe ameuchukua msumari ule, anasema ni wa kwake.

Alirudishwa hospitalini tarehe 26 Machi. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumamosi, tarehe 29, alasiri, na Tracy akapiga simu kutoka Kakuyuni, akasema bibi ameagiza simu iwekwe ndani ya beseni, pale pale penye tone, ili fundi asikilize mwenyewe. Niliishika ya kwetu sikioni pake. Tulisikia mvua ikipiga mabati mapana ya nyumba ile, ikizidi, ikipungua, ikizidi tena, na chini yake hapakuwa na kitu. Alisikiliza dakika arobaini, amefumba macho. Aliaga dunia siku ya Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025, saa tisa alasiri, akibakiza siku sita kutimiza miaka hamsini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa pumzi hadi pale walipoweza, majirani wa Kivaani na Kakuyuni, kanisa, Abdilatif aliyetupa turubai hizi zinazotufunika, mafundi wenzake wakiongozwa na Nzuki, na ninyi ambao mapaa yenu bado yanavuja, tafadhali msimwendee Nzuki leo, ngojeni Jumatatu.

Mama mkwe yuko hapa pia, ameketi nyuma ya hema la akina mama, mgongo ukielekea jeneza, kama inavyopasa. Ameniagiza neno moja niwatangazie. Tukimaliza kuzika mtaletewa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, na utakaowafikia ninyi wa safu ya mbele utakuwa ndani ya beseni la bluu, msiulize limetoka wapi, kuleni, kwa sababu nyumbani halina kazi tena.

Lala pakavu, Masila. Pumzika kwa amani.