Alphonsine Nday, Mwalimu wa Vita vya Afyuni

Alphonsine Nday alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 mjini Likasi, kifungua mimba wa Papa Bertin, fundi wa reli, na Maman Émérance.

Alisoma kwa masista, akapata diploma ya ualimu Lubumbashi mwaka 1978, kisha akafundisha historia Kamalondo. Wanafunzi wake, ambao leo wana mvi, bado wanazikumbuka asubuhi zile: vumbi jekundu dirishani, chaki mkononi, naye akieleza jinsi China ilivyoikataa afyuni na kuharibu shehena za wafanyabiashara, Uingereza ikatuma manowari. “Ugomvi ulikuwa wa wauzaji,” alisema, “lakini waliozikwa wengi hawakuuza kitu.” Alilirudia somo hilo kila mwaka, kwa hasira ileile.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Jean-Marie Mbombo. Walijaliwa binti, Inès, wakamlea pia Dady, mdogo wa Alphonsine, aliyefiwa na mama akiwa mtoto mchanga. Mwaka 1994 walihamia Brussels, wakakaa Saint-Josse. Alihudumia wazee, na Jumamosi alifundisha historia katika ukumbi wa parokia.

Yanayofuata Dady mwenyewe ameomba yasifichwe. Aliingia kuuza kokeini. Krismasi ya 2021 alikuja na mbuzi mzima aliyechinjwa begani, aliyemnunua kwa pesa hiyo; dada yake akamzuia mlangoni.

“Yaya,” Dady alimwita dada yake mkubwa, “miye hapana gouvernement, hapana serikali ya Waingereza. Niko nauzisha kidogo tu.”

“Hata Waingereza balianzaka na kidogo. Rudisha mbuzi yako.”

Nyumba ile ilikuwa imezoea kelele za Dady na vicheko vyake. Kwa miaka miwili kiti chake hakikukaliwa na mtu, na marehemu hakuruhusu kiondolewe.

Mwaka 2024 saratani ilimlaza hospitalini Woluwe. Dady alikuja, akasimama mlangoni.

“Uliacha?”

“Niliacha, yaya. Niko nabeba mizigo ku soko.”

“Bon. Vita ya Chine, nani alikufa?”

“Bantu benye habakuuzaka.”

“Huit sur dix, nane ku kumi. Umesahau mwaka. Ikala.”

Dady alikaa, akalia. Tangu siku hiyo alimlisha uji kwa mkono wake, hadi marehemu alipofariki tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mume, Jean-Marie, binti, Inès, wajukuu, Précieuse na Bienaimé, na mdogo wake, Dady, ambaye jina lake limeandikwa hapa kwa agizo la marehemu mwenyewe.

Bwana amjalie pumziko la amani.