Ng'ombe Mwekundu wa Mzee Libère

Wasikilizaji wapendwa, habari za huko mliko. Leo sauti ya bibi yenu imechoka. Jana tulimzika mzee Libère wa Nyakabanda, msemaji wa posa. Kaeni nami kidogo.

Kitendawili. Ng'ombe wangu mwekundu, zizi lake la mawe meupe; akishatoka, hafungiki tena. Msinipe mji, leo sina nguvu ya kutawala. Ni ulimi.

Libère alikulia Bujumbura, akarudi Kigali mtu mzima. Mnazijua posa zetu. Familia mbili zinakaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake, na wasemaji wanataniana mpaka binti atolewe. Utani ni desturi. Lakini hata utani una ua wake.

Siku ya posa ya Raïssa, binti wa marehemu dada yake, Libère ndiye aliyesema kwa upande wetu. Upande wa kijana alisema Gatera wa Kacyiru. Gatera akaitania nyumba, akayatania maziwa, tukacheka. Kisha akaruka ua. Akasema wamekuja kumchukua binti wa mwanamke aliyeachika, na hakuna aliyemfuata kumrudisha.

Raïssa alikuwa chumbani, anasikia yote. Ameniambia mwenyewe: "Bibi, nilishavua shanga za kichwani. Mjomba angerudisha tusi, posa ilikuwa imekufa."

Libère alikuwa na kikombe cha maziwa mkononi. Akanywa. Akanywa taratibu mpaka akamaliza. Shangazi Kabagwira akaninong'oneza kwamba mzee wetu amezeeka, maneno yamemwisha. Ndipo Libère akasema, "Mgeni wetu ametoka mbali, amechoka. Mpeni maziwa, tuendelee."

Raïssa akazivaa shanga zake, akatoka. Leo ana watoto.

Jana, baada ya maziko, tulinawa mikono kama ilivyo desturi. Aliyeshika jagi alikuwa Gatera, amezeeka. Alipofika kwa Raïssa akasema polepole, "Mjomba wako na mimi tulikaa mtaa mmoja Bujumbura. Alijua jambo langu ambalo lingenivua nguo mbele ya watu. Siku ile nililingoja."

Raïssa akaendelea kunawa. "Amekwenda nalo, baba. Hata sisi hakutuambia."

Basi, wapendwa, neno ni kujizuia. Kwa Kinyarwanda tunasema kwifata, mtu kujishika mwenyewe. Nilidhani ni kunyamaza. Sivyo. Asiye na jibu hajizuii, amekosa tu. Anayejizuia ni yule mwenye jibu, tena kali, tena la kweli, na ng'ombe anapiga pembe zizini.

Mama Illuminée, mjane wake, na wewe Raïssa, mwihangane, poleni sana. Tumechoka pamoja nanyi.

Na wewe unayesikiliza, yupo mtu ambaye jibu lake unalo mdomoni sasa hivi. Najua ni la kweli. Maliza maziwa kwanza.