Sindano na Mlima Usiotikisika

Huyu tunayemzika leo, kaka yangu, ambaye wengi mlimwita Sindano, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa mhunzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Shangazi yetu ameniomba nisome mema tu, kwa kuwa marehemu hasemwi. Sijawahi kumkaidi shangazi. Leo ataniwia radhi.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1970. Jiografia aliipenda kuliko chakula. Baba alitaka arithi fuawe na nyundo. "Nitafanya yote mawili, baba," alijibu, na kweli alifanya.

Mwaka 1974 aliajiriwa kutunza kituo cha kupimia matetemeko ya ardhi, chini ya mlima. Alitia wino kwenye sindano ya mashine, akabadilisha karatasi ambayo sindano ile iliichora, na kuipeleka ofisi kuu. Ukutani palikuwa na ramani ya dunia yenye nukta nyekundu kila palipotetemeka, na wageni aliwaeleza vizuri mno. Ganda la dunia limepasuka vipande, na kila kipande husogea polepole kama kucha inavyoota. Kwenye kingo vipande husukumana na kukwama. Siku vinapoachia, ardhi hutetemeka. Kimoja kikizama chini ya kingine, au viwili vikiachana, mawe yaliyoyeyuka hupata njia ya kupanda, na hapo huzaliwa volkeno.

"Ndiyo maana Pasifiki imevishwa mkufu wa nukta," alikuwa akisema.

"Na sisi je?"

"Sisi tuko katikati ya godoro. Laleni."

Tarehe 6 Agosti 1977 alimwoa muuguzi, wakajaliwa watoto wanne. Hapo ndipo alipoleta fuawe la baba kituoni, akaliweka chumba cha pili kwa sababu sakafu yake ilikuwa ya zege, akawa anafua majembe baada ya kazi. Kila alipogonga, sindano iliruka.

Mwaka 1983 mhandisi wa ofisi kuu alikuja na karatasi zile mkononi, uso umemng'aa. "Bwana, umegundua ufa! Mlima unaamka!" Kaka yangu alijua papo hapo kilichouamsha. Neno moja lingetosha, naye hakulisema. Alipandishwa cheo, na nukta nyekundu ikabandikwa juu ya mlima wetu. Karatasi zilipotulia na mhandisi akaanza kuuliza, aliinua nyundo tena. Safari hii hapakuwa na jembe juu ya fuawe. Vituo vingine vilikuwa mbali mno kumkanusha.

Mwaka 1985 watu wa mteremkoni walihamishwa kwa usalama wao, wakapelekwa bondeni, maji yanakotuama. Siku hiyo jirani yetu, fundi cherehani, alisimama mbele ya kituo, cherehani kichwani.

"Jirani, si ulisema matetemeko yako kwenye kingo? Hili letu limepanda basi gani kuja huku?"

Watu walicheka. Naye akajibu kwamba hata katikati ya kipande ardhi hutetemeka, ila mara chache, penye nyufa za kale. Na ni kweli. Aliutwaa ukweli akaufanya shuka la kufunikia uongo, na hilo linatutia haya kuliko ile nyundo. Mwaka 1998 mafuriko ya bondeni yalimchukua mume wa fundi yule. Sindano alikwenda matangani, akala, akarudi nyumbani.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017. Akiwa hospitalini aliniita karibu.

"Mdogo wangu, mlima ule haujawahi kutikisika."

"Kilikuwa nini basi, kaka?"

"Mkono wangu."

Nilimsihi awaite waliohamishwa awaambie. "Nitawatazama kwa macho gani?" aliniuliza. Alifariki tarehe 9 Mei 2019 bila kuwaita.

Juzi nilikwenda kwa fundi cherehani, nikamweleza yote. Alikata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Nitakuja kuzika. Lakini ukisoma upole wake peke yake, udongo wangu sitautia." Yuko hapa, safu ya mwisho. Mama fundi, umesikia. Jana mimi na shemeji, mjane wake, tuliandikisha maelezo yetu ofisi kuu ili mteremko ufunguliwe. Wakitupuuza tutarudi.

Alikuwa mpole, ndiyo, na baba mwema. Hayo hayafuti kitu.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, shangazi, mdogo wake mmoja, na kaya kumi na tisa alizozing'oa kwao. Hao wa mwisho tunawaomba watangulie kutia udongo, wakipenda. Asiyependa, hatutamuuliza.

Apumzike kwa amani watakayompa wao. Sisi hatuna ya kumpa.